Tundu la Pumzi

Donati aliogopa vitu vingi na hakuona sababu ya kuvificha. Aliogopa kiboko mwenye mtoto, aliogopa radi, aliogopa mama mkwe wake mpaka siku alipokufa, na hata baada ya hapo kidogo. Lakini hakuwahi kuogopa kama kiangazi kile cha mwaka wa vita, wakati bonde la Kilombero lilipokauka na moshi uliokuwa ukionekana mbali haukuwa tena wa mtu anayesafisha shamba lake.

Kazi yake ilikuwa kuchimba kamongo. Wenzake pale Kivukoni walivusha watu kwa mitumbwi, walitega migono ya samaki, walilima mpunga. Yeye alisubiri mabwawa yakauke ndipo aende kuvua. Wageni walicheka. Mtu gani anavua samaki kwa jembe? Basi huyu alivua kwa jembe. Kamongo ni samaki mrefu, mnene, mwenye sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, na maji yakianza kupungua hahangaiki kukimbilia mtoni kama wenzake. Hujichimbia topeni, hujikunja mpaka mkia ukafunika macho, hutoa ute unaokauka ukawa ganda jembamba kama la kitunguu, kisha hulala humo mpaka mvua nyingine, akipumua kwa tundu moja dogo linalotokeza juu. Tundu hilo ndilo alilolitafuta Donati, peku juu ya udongo uliopasuka. Akiliona alipiga magoti, akagonga chini kwa mpini wa jembe, akatega sikio. Udongo uliojibu kwa sauti nzito ulikuwa udongo tu. Uliojibu kwa sauti ya uwazi, kama chungu kitupu, ulikuwa na mtu ndani, ndivyo alivyopenda kusema, na mara nyingine huyo mtu aliguna.

Sasa, mwingine angeridhika kumla kamongo na kulala. Donati alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Samaki asiyehitaji maji anapumulia nini? Alimpasua wa kwanza akiwa kijana, akakuta mapafu mawili marefu, mifuko laini iliyofungukia kooni, na kuta zake kwa ndani zina vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Pembeni mashavu ya kisamaki yalikuwepo bado, madogo na dhaifu, yamebaki kama kibanda cha zamani nyuma ya nyumba mpya. Tangu siku hiyo hakuna mnyama aliyepita mikononi mwake bila kupasuliwa. Penye kuchinjwa mbuzi, wanawake walimwona anakuja wakaguna, kwa maana walijua ataomba mapafu, na kwamba hatayala kwanza mpaka ayapulize.

Aliyoyaona aliyaweka kichwani. Chura ana mifuko miwili miepesi tu, na hana mbavu za kumsaidia; humeza hewa kwa koo kama mtoto anayemeza uji. Nyoka ana pafu moja refu linalofanya kazi, na la pili limesinyaa likawa si kitu. Kenge ana vijumba vingi kuliko chura, mamba ana vingi kuliko kenge. Kanga alimshangaza kuliko wote, maana mapafu yake ni madogo, yamegandamana na mbavu za mgongoni, halafu yana vifuko vya hewa vilivyosambaa mpaka ndani ya mifupa. Na mbuzi na kiboko, hao mapafu yao ni sponji tupu, vijumba vidogo hata jicho haliwezi kuvitenganisha. Siku moja aliyapanga yote juu ya jani la mgomba, kuanzia la kamongo mpaka la mbuzi, akamwita shemeji yake aje aone.

Shemeji huyo alikuwa Fulgensi, kaka wa mke wake Justa, ndugu pekee aliyembakia Justa duniani. Walibatizwa wote watatu siku moja, padre alipopita bondeni akabatiza kijiji kizima kabla jua halijawa kali. Fulgensi alikuwa mvushaji, mwenye mabega mapana na mdomo usiotulia.

"Angalia," Donati alimwambia. "Ni mfuko uleule. Kila ukisogea huku, mwenye nyumba ameongeza vyumba. Mimi nadhani kamongo ndiye aliyeanza, sisi wengine tumejenga juu ya msingi wake."

"Kwa hiyo babu yangu ni mboga, shemeji?"

"Sijasema babu. Nimesema ukoo."

"Padre asikusikie," alisema Fulgensi, akachukua kamongo wake akaenda kumpika huku anacheka njia nzima.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Donati hakulifanyia mzaha. Kwa mbuzi na kiboko, mbavu zikiwa nzima, pafu hukaa limejaa, limebanana na kifua. Kisu kikitoboa tu katikati ya mbavu, hata tundu la ncha, hewa huingia na pafu hunywea palepale, likarudi nyuma likawa kama ngumi. Aliona vilevile kwa kiboko aliyepigwa risasi na Mzungu mmoja mwindaji. Tundu la nje lilikuwa dogo, lakini ndani pafu lilikuwa limekuwa tambara lililolowa. Alijua bila kuambiwa na mtu kwamba binadamu yuko upande wa mbuzi. Kwa hiyo mjumbe wa dawa alipofika na kibuyu chake, akasema atakayekunywa dawa hiyo, risasi za Wajerumani zitamgeukia maji, Donati alichukua jembe lake akaenda mabwawani siku tatu mfululizo. Hakwenda kwa sababu ya busara. Alikwenda kwa woga, na alijua hivyo.

Fulgensi alikunywa. Alipakwa, akafunga mabua ya mtama kichwani, akaacha kulala na mwanamke kama alivyoamriwa.

"Nimeona risasi ilivyomfanya kiboko," Donati alimwambia.

"Kiboko hakunywa dawa," alijibu Fulgensi, na safari hii hakucheka.

Alikwenda Mahenge na wenzake kulivamia boma la Wajerumani, akarudi baada ya siku nyingi, peke yake. Habari za bombomu ile iliyokuwa ikitema risasi bila kupumzika hakuzisimulia. Alisema tu kwamba waliokufa walivunja miiko, akaenda kukaa ndani ya mtumbwi wake uliofungwa kwenye gati, akakaa humo mpaka jua likazama.

Kisha askari wa Wajerumani wakashuka bondeni na rugaruga wao, wapiganaji wa kukodi. Walichoma maghala ya mpunga, walichoma nyumba, walipasua mitumbwi. Kijiji cha Namawala kilikuwa majivu, walisema waliokimbia kutoka huko. Donati hakusubiri kuhakikisha. Alimchukua Justa na mtoto wao Digna, aliyekuwa bado ananyonya, akawapeleka kwenye bwawa lililokauka nyuma ya matete. Hapo alikuwa amechimba shimo pana ukingoni kufuata kamongo wengi waliolala pamoja. Alilipanua likaingia watu, akalifunika kwa vijiti, nyasi na mabamba ya tope kavu, akaacha mwanya upande wa matete. Mbele ya ukingo aliacha kikapu chenye kamongo wanne aliokuwa amewachimba jana yake, wangali ndani ya mabonge yao ya udongo. Angekiingiza kikapu hicho ndani, lakini hakikuenea.

Asubuhi ya siku ya pili milio ya bunduki ilisikika upande wa kivuko. Ilipokatika, kitu kilianza kutambaa ndani ya matete. Justa alimziba mtoto mdomo. Donati alishika jembe, akalielekeza kwenye mwanya. Aliyetokea ni Fulgensi.

Alikuwa amepigwa kifuani upande wa kulia, chini ya titi. Kila alipovuta pumzi, tundu lile lilifyonza hewa kwa mlio. Kila alipotoa, mapovu mekundu yalichemka pale. Wakamwingiza shimoni. Donati alilitazama jeraha. Hakika alijua kilichokuwa kikitokea ndani, kana kwamba amekwisha kumpasua.

Justa hakulia. Alimshika mumewe kwenye mkono wa juu, akaubana mpaka ukauma.

"Baba Digna. Miaka yote hii unanijazia nyumba mapafu. Umejua pumzi ya chura, umejua ya nyoka. Usiniambie ya kaka yangu huijui."

Basi akafanya alilolijua. Kama hewa inaingia pasipo mlango, mlango huo uzibwe. Alichukua maganda ya kamongo, yale membamba yaliyobaki ukutani mwa shimo, akayalowesha kwa maji ya kibuyu mpaka yakalainika, akayapaka mafuta ya kiboko waliyokuja nayo, akayabandika matatu moja juu ya jingine juu ya jeraha, akayazungushia tope kama mtu anayeziba ufa wa mtungi. Mlio ukakoma. Fulgensi alipumua pumzi fupi fupi, lakini kwa mdomo, kama watu. Baada ya muda Donati aliinama akagonga kifua cha kulia kwa kidole, kama alivyozoea kugonga ardhi, akatega sikio. Kikajibu kwa uwazi, wazi kabisa, kama chungu.

"Kimejaa," alinong'ona. "Mama Digna, pafu limerudi. Kuna mtu ndani."

Justa aliweka paji la uso kwenye goti la kaka yake, mabega yakamtetemeka kwa furaha. Donati alijisikia mkubwa. Ilikuwa mara yake ya mwisho kujisikia hivyo maishani.

Haikupita muda mrefu, mishipa ya shingo ya Fulgensi ikaanza kuvimba. Midomo ikawa ya rangi ya zambarau. Koo lake lilikuwa limesogea, halikukaa tena katikati, na macho yalimtoka akimwangalia shemeji yake bila kuweza kusema. Donati aligonga upande wa kushoto, upande mzima. Ulijibu kwa sauti nene, ya nyama na pumzi. Aligonga tena wa kulia: uwazi, uwazi mtupu. Ndipo alipoelewa, na aibu ikamchoma kabla hata ya hofu. Kwa kamongo, uwazi ni uzima. Kwa mtu aliyetobolewa, uwazi ni hewa iliyopotea njia. Pafu lenyewe lilikuwa na tundu. Kila pumzi ilivujia ndani ya kifua, ikakosa pa kutokea kwa sababu yeye ameziba, na sasa ilikuwa ikiusukuma moyo na pafu zima kwenye kona. Yeye ndiye aliyekuwa akimnyonga.

Alibandua pembe moja ya ganda. Hewa ikatoka kwa mlio mkali, *fyuuu*, kama filimbi ya mchungaji. Fulgensi akavuta pumzi, rangi ikarudi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Akiacha wazi, kifua kilifyonza hewa ya nje na Fulgensi akatapatapa. Akiziba, kilijaa. Ikabidi azibe, ahesabu pumzi, afungue pembe, mlio utoke, azibe tena. Alizipata pumzi sitini kati ya mlio na mlio. Zikizidi themanini, midomo ilianza kubadilika. Alianza kuzoea, na hata kutumaini. Alimnong'oneza Justa kwamba wakifika jioni watambeba waende juu, wazunguke mpaka Masagati, huko kuna jamaa.

Adhuhuri walisikia sauti za watu.

Walikuwa askari wanne au watano na rugaruga kadhaa, wamechoka, wanatafuta kivuli. Kivuli kilikuwa kimoja tu pale, cha matete juu ya ukingo wa bwawa, hatua sita kutoka kwenye mwanya. Donati aliona miguu yao kupitia vijiti: viatu, peku, viatu. Justa aligeukia ukuta wa udongo, akampa Digna titi, akajikunja juu yake. Hakugeuka tena. Hivyo ndivyo mwanamke anavyofanya akiwa na mtoto wa kunyonya mahali kama pale, na asithubutu mtu kumlaumu.

Mmoja aliona kikapu. Alivunja bonge la udongo, kamongo akajinyoosha akaguna, na yule mtu akaruka nyuma akapiga kelele kwa lugha ambayo Donati hakuijua. Wenzake walicheka sana. Walicheka, wakamtania, wakavunja bonge la pili ili aruke tena. Donati alibandua pembe. Mlio ukamezwa na vicheko. Alifunga, akahesabu.

Walicheka mara moja zaidi, kwenye hesabu ya hamsini na mbili, na Donati alifungua tena, akamshukuru Mungu na kamongo kwa pamoja.

Kisha wakachoka kucheka. Walikunywa maji. Walijilaza. Kukawa kimya.

Ishirini. Arobaini. Askari mmoja alikuwa amelala karibu sana, kichwa juu ya ukingo, na Donati aliisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, taratibu, ya mtu mwenye mapafu mazima. Sitini. Alijua kabisa kwamba kwa ukimya ule mlio wa filimbi ungesikika mpaka ng'ambo ya bwawa. Wangeinua mabamba ya tope, na kwanza wangemwona mwanamke na mgongo wake. Sabini na tano. Fulgensi alianza kuvimba shingo. Donati alikuwa ameweka vidole vyake kwenye pembe ya ganda, na jasho lilikuwa likimwingia machoni, na hakuweza kulifuta. Aliomba mmoja wao akohoe. Aliomba ndege alie. Tisini. Midomo ilikuwa ya zambarau, na macho ya shemeji yake yalikuwa kwake, hayakuwa yakitazama mahali pengine popote.

Kwenye mia moja na kitu, Fulgensi aliinua mkono wake wa kushoto. Uliinuka polepole, ukaja ukaushika mkono wa kulia wa Donati uliokuwa juu ya kifua chake. Vidole vikajikita kwenye nyama, kucha zikaingia. Donati hakufungua. Alihisi nguvu katika vidole vile, nguvu kubwa kwa mtu aliye katika hali ile, na hakujua inaelekea wapi. Labda ilikuwa inambonyeza, kama mtu anayesema funga, funga hapohapo, dada yangu yuko humu. Labda ilikuwa inambandua, kwa sababu mwili wa mtu unataka hewa na haumwombi mwenyewe ruhusa. Alifunga macho ili asione uso. Alibonyeza. Hofu yake yote ilikuwa imeteremka mikononi, ikabonyeza pamoja naye, na hakuweza kuitenganisha na huruma wala na akili.

Baadaye vidole vililegea.

Askari waliondoka jua lilipoanza kuinama, wakabeba kikapu. Donati hakusogea mpaka kishindo cha mwisho kilipopotea. Ndipo akabandua ganda, na hewa ikatoka, kidogo, bila mlio. Justa alimsikia akisogea, akageuka.

"Amelala?"

"Hapana," alisema Donati.

Walimzika humohumo shimoni, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine wala muda. Walitembea siku nne kwenda Masagati, na njaa iliyofuata waliiona huko, watu wakila mizizi na ngozi. Digna alipona. Waliporudi bondeni baada ya miaka mitatu, Donati alilima mpunga, na hakuna aliyemwona tena na jembe juu ya bwawa kavu. Akiulizwa, alisema mgongo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ya siku ileile ya maziko, walipofika kijito cha kwanza chenye maji, Justa alimwosha mikono. Nyuma ya mkono wake wa kulia kulikuwa na alama nne za kucha, nyekundu, zimeingia kwa kina. Justa alizitazama kwa muda. Alichukua vidole vyake mwenyewe vinne, akaviweka juu ya alama zile, kimoja kimoja, vikaenea, maana mikono yake na ya kaka yake ilifanana. Donati alingoja swali.

"Alikuwa amekushika," alisema Justa.

"Ndiyo."

"Alikuwa amekushika ili usifungue."

Donati alimtazama. Uso wake ulikuwa mkavu na ulikuwa ukingoja jibu moja tu, jingine lolote lingemuua.

"Ndiyo, Mama Digna," alisema. "Ili nisifungue."

Justa alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kumwosha.